Mbuzi wa Faini

Mbuzi wa faini hazibi mfereji. Methali hiyo mmeisikia leo kikaoni, nanyi mmeuliza ilikotoka. Ilizaliwa huku huku milimani Upare, zamani maji ya mfereji yalipogawanywa kwa zamu, kila nyumba na siku yake.

Nakijwa alikuwa mjane, na shamba lake la maharage lilikuwa la mwisho mferejini. Mwaka ule maharage yalikuwa katika maua, lakini kila zamu yake ilipofika, kilichomfikia ni tope. Watoto wake wanne hawakuwa na chakula kingine cha kutazamia.

Mwizi alijulikana. Mbazi, jirani wa juu, alitoboa ukingo akanywesha magimbi yake. Mara mbili alikuwa ameshikwa, na mara mbili alitoa mbuzi kama ilivyokuwa desturi. Wazee walichinja, wakala, kesi ikaisha.

Mara ya tatu aliposhikwa na kuleta mbuzi, Mzee Kajiru, mkuu wa mfereji, alikuwa tayari anachochea moto. Nakijwa akaja akasimama kati ya moto na mbuzi.

"Subiri kidogo, mama, utapata ini," Kajiru alisema.

"La kwanza nililila, baba, na la pili nikalila. Je, maharage yangu yatakunywa mchuzi?"

Watu walicheka, hata Mbazi.

"Unataka tumfukuze?"

"Akienda, ataondoka na matundu? Mpeni jembe azibe yote, toka chanzo hadi kwangu. Mbuzi nitakaa naye mimi mpaka maji yanifikie."

"Yote, mama?" Mbazi aliuliza.

"Yote, mwanangu."

Mbazi akamtazama Mzee Kajiru. Kajiru akatazama kuni.

Kwa siku sita Mbazi alishindilia udongo na mawe. Alianza na matundu yake matatu, akaendelea na mengine matano ambayo wazee hawakuwahi kuyataja. Moja lilikuwa chini ya migomba ya Kajiru.

"Hilo ni la panya," Kajiru alisema.

"Panya wako, mzee, analima kwa jembe," Mbazi alimjibu.

Siku hiyo mkuu wa mfereji alibeba udongo mwenyewe.

Siku ya saba maji yaliingia shambani kwa Nakijwa, yakamfika vifundoni. Akamfungua mbuzi, akamrudishia Mbazi kwa mkono wake. Wazee nao wakamfanya Mbazi mlinzi wa mfereji, kwa kuwa hakuna aliyejua njia za wizi kumshinda.

Mwaka uliofuata akashikwa mwizi mwingine. Wenye njaa ya nyama wakaanza kunoa visu. Mzee Kajiru akawazuia.

"Leteni jembe," alisema. "Mbuzi wa faini hazibi mfereji."