Posa ya Chura wa Kisimani

Paukwa!

Itikieni kwa sauti, nisije nikadhani naongea peke yangu. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na kisima, na ndani ya kisima pakawa na chura.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo simu zilikuwapo ila chaji haikukaa, msichana aitwaye Mwanahawa aliinama kuteka maji. Simu ikamponyoka, chubwi! Chura akaizamia, akaileta juu.

"Shika, dada. Usiiwashe. Ifukie kwenye mchele mkavu."

"Umejuaje?"

"Si ya kwanza kuanguka humu."

Mwanahawa akaifukia. Haikuwaka. Kila jioni akarudi kisimani kumwambia chura kwamba haijawaka, na chura akamsikitikia. Wakacheka, wakanuniana, wakapatana. Simu ilipowaka, Mwanahawa aliendelea kwenda, akisema bado.

Chura akapenda, akataka kuposa. Sasa, katika mji ule mposaji hakufungua kinywa ukweni. Mshenga alimsemea. Mposaji akisema neno moja tu, posa imevunjika. Chura akamtuma Kasuku, kwa kuwa alikuwa msemaji mzuri. Hapo ndipo alipokosea.

Kasuku akaenda mara ya kwanza. Bi Nunu, shangazi wa Mwanahawa, akauliza, "Kijana wenu ana nyumba?"

"Anayo. Tena maji hayakatiki."

Bi Nunu akafurahi. Kwake yalikatika kila siku.

Akaenda mara ya pili. "Na ukoo?"

"Mkubwa. Mvua ikinyesha, mji mzima unawasikia."

Akaenda mara ya tatu. "Nasikia ni chura."

Hapo Kasuku akaishiwa na ukweli. "Kwa sasa tu, mama. Ndani yake mna mwana wa mfalme. Akishaoa, mkewe akimbusu, anaivua ngozi ya chura, anatoka kijana mrefu."

Bi Nunu akaweka kikombe chini. "Mrefu kiasi gani?"

"Mlangoni atainama."

Posa ikakubaliwa. Mwanahawa akawekwa ndani, asionane na mchumba mpaka harusi. Kanzu ya mtu mrefu ikashonwa.

Kasuku akampelekea chura habari.

"Lakini mimi ni chura," chura akasema.

"Hayo utayamaliza na mkeo."

Chura akakosa raha. Akisema ukweli, posa inavunjika na Mwanahawa anampotea. Akinyamaza, Mwanahawa atakaa miaka akimngoja mtu asiyekuja.

Siku ya kuvisha pete, watu wakajaa ukumbini. Chura akaketishwa mkekani, chini ya ile kanzu iliyotundikwa. Mwanahawa alikuwa nyuma ya pazia.

"Shangazi," chura akasema.

"Funga mdomo, we!" Kasuku akanong'ona.

"Nikibusiwa nitabaki chura. Ndani yangu mna chura tu, tena mwoga."

"Amesema!" Bi Nunu akajipiga kofi pajani. "Posa imevunjika. Teremsheni kanzu!"

Pazia likafunguka. Mwanahawa akatoka, macho mekundu.

"Una hakika hutabadilika?"

"Hata kidogo. Nisamehe."

"Hata baada ya ndoa?"

"Hata baada ya ndoa."

"Alhamdulillahi," Mwanahawa akasema, akaketi chini. "Tangu juzi nalia. Huyo mrefu simjui. Sijawahi kuongea naye."

"Mwanangu, posa imeshavunjika," Bi Nunu akasema.

"Yake. Sasa naposa mimi. Shangazi, kuwa mshenga wangu."

Bi Nunu akaitazama kanzu. Akamtazama chura. Akamtazama Kasuku, na Kasuku akatazama dari. Kisha akakohoa, kama washenga wafanyavyo.

"Kijana, binti yetu asubuhi hasemeshwi. Wali wake huungua chini na juu ukabaki mbichi. Naye hana ngozi ya kuvua. Unamtaka?"

"Namtaka, shangazi."

Ndoa ikafungwa. Mwanahawa akambusu mumewe mbele ya watu wote, na watu wote wakasogea karibu kutazama.

Akabaki chura.

Basi, wanangu, ukiposa, jipeleke wewe mwenyewe, na kasoro zako zote. Ukiahidi kuleta mtu mwingine badala yako, anayekupenda atabaki kukulilia wewe uliyefichwa.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyesinzia amuulize jirani yake.