Sufuria Aliyoikalia Nyani

Natoka!

— Toka twende!

Nimebeba uongo!

— Utue tuuone!

Nitautua, lakini kwanza kaeni. Bishara, vuta mkeka huku. Shekue, acha kuchungulia chini ya kawa; visheti vimo, nimevifunika mwenyewe, na vitaliwa ngano ikiisha. Atakayeinuka kabla ya hapo hapati hata kimoja. Mimi nisamehewe, sijui kusimulia nimekaa. Nikikaa maneno yananilalia. Nitazunguka hapa kati yenu, huku na huku, nanyi nisikilizeni.

Haya. Zamani wanyama walichoka na pori wakahamia mjini. Kazi hawana, duka hawana. Walikuwa na jalala tu, jalala kubwa la nyuma ya soko, na kila siku watu wakilimwagia vitu: maembe yaliyobonyea, mikate ya jana, vichwa vya samaki, viatu visivyo na wenzao, godoro lililotoka matumbo. Watu waliviita taka, wanyama walivichukua wakashukuru.

Sasa, ili wasitoane macho, walijiwekea sheria moja. Ukiona kitu unakikalia, unasema, "Nimekalia." Basi ni chako, hakuna wa kukusukuma, awe na meno ya namna gani. Lakini ukiinuka tu, si chako tena. Sheria nzuri, wote waliipenda, mpaka alipofika Nyani.

Nyani alikuwa na mwili, na uroho wake ulikuwa mkubwa kuliko huo mwili. Siku ya kwanza tu alipanda juu kabisa ya jalala, tuu, akakaa. "Nimekalia." Amekalia nini? Jalala zima! Vya kulia anavuta anakula, vya kushoto anavuta anakula, vingine vinamwozea chini. Analala hapo hapo, anaamka hapo hapo. Hata viatu alivikalia, na nyani na viatu wapi na wapi.

Upande wa chini, ndani ya bomba bovu, aliishi Nguchiro na watoto wake wanne. Nguchiro mnamjua? Kadogo, mkia mrefu, hakatulii. Akiingia anatoka, akitoka anarudi, pwiti pwiti pwiti. Siku hizo ndipo alipokuwa hatulii kabisa, kwa sababu watoto walikuwa na siku ya tatu hawajala, na asubuhi ile waliacha kulia. Mtoto mwenye njaa akiacha kulia, jamani, hajashiba huyo. Nguchiro aliwatazama, roho ikamuuma, akatoka mbio.

Pwiti pwiti pwiti mpaka jalalani. "Shikamoo, Mzee Nyani. Naomba ganda la embe, watoto wangu wana njaa."

"Nimekalia."

Pwiti pwiti pwiti, akarudi bombani, akawagusa watoto, akatoka tena. Safari hii aliomba mfupa. Akajibiwa umekaliwa. Pwiti pwiti pwiti, akarudi, akatoka. Mara ya tatu hakuomba chakula, aliomba karatasi tu iliyofungia maandazi, wanawe wakalambe mafuta. Nyani akapiga miayo, akamwambia karatasi nayo ameikalia.

Shekue, nimekuona. Kaa.

Mchana huo ng'ambo ya ukuta kulikuwa na harusi. Mpishi alipomaliza kupakua pilau akagundua sufuria yake kubwa imetoboka kitako. Akaudhika. Hakungoja ipoe, wala hakukwangua ukoko. Aliibeba kwa matambara, akaivurumisha kando ya jalala, puu, ikaanguka kifudifudi. Ukoko wote ukabaki ndani, umefunikwa, na kupitia kile kitundu harufu ikaanza kupanda: bizari, kitunguu, mafuta ya nyama.

Wa kwanza kufika ni Nguchiro. Angeweza kuikalia, ikawa yake. Lakini akajiuliza atakula vipi. Kuibinua hana nguvu, na hata angekuwa nazo, lazima kwanza ainuke, na akiinuka itakaliwa na mwingine. Akatazama ardhi pembeni mwa sufuria, majivu matupu, laini. Akatazama makucha yake.

Basi akaanza kuizunguka mbio, pwiti pwiti pwiti, anatangaza kwa sauti kwamba hii ni yake, anangoja tu ipoe kidogo aikalie, na pilau ya namna hii mjini haijapata kutupwa.

Nyani kule juu pua zikamcheza. Ana jalala zima, lakini sufuria moja si yake, na hiyo moja ikamnyima raha. Hakungoja. Aliruka kutoka juu, tuu, akaikalia. "Nimekalia."

Matako yakasema chiii.

"Si ya moto hiyo, Mzee?" akauliza Nguchiro.

"Nimekalia," akasema Nyani, na machozi yanamtiririka.

Alipozoea moto akataka kula. Ndipo akaona mambo. Akiinuka aibinue, Nguchiro ataikalia. Asipoinuka, ukoko ataunusa tu. Akakaa akiwaza, na kuwaza si kazi aliyoizoea.

Nguchiro akapita nyuma yake. Kwaru kwaru kwaru, akachimba majivu, akatokea ndani ya sufuria. Kwaru kwaru kwaru, akabandua kipande cha ukoko. Pwiti pwiti pwiti, akakipeleka bombani. Kru, kru, kru, watoto wakatafuna, na wa mwisho, aliyekuwa hafumbui tena macho, akafumbua. Nguchiro alilia hapo, kidogo tu, maana hakuwa na nafasi. Akarudi mbio.

Nyani akamwita. Alitaka kujua ni nini kinachokwaruza huko ndani.

"Ukoko huo, Mzee," akasema Nguchiro. "Unabanduka kwa joto lako. Kaa hivyo hivyo utabanduka wote, ubaki kuuokota tu."

Nyani akafurahi, akajikandamiza zaidi. Chiii. Kwaru kwaru kwaru. Pwiti pwiti pwiti. Mpaka alasiri.

Sufuria ilipobaki nyeupe ndani, Nguchiro alikuja mbele yake, akafuta mdomo, akasema ameshindwa. Akaapa mbele ya wanyama wote kwamba Nyani akiinuka yeye hataikalia. Nyani akainuka. Bandu! Ngozi ya matako ikabaki juu ya sufuria. Akaibinua, akakuta shimo na majivu.

"Ukoko wangu uko wapi?"

"Sisi tutajuaje?" akasema Paka. "Uliukalia wewe."

Nyani akageuka kulirudia jalala lake. Paka amekaa juu ya vichwa vya samaki. "Nimekalia." Kunguru amekaa juu ya mikate. "Nimekalia." Hata Konokono alikuwa amepata kiatu. Nyani akatafuta pa kukaa, akakuta hapana, na hata pangekuwepo asingeweza, kwa jinsi matako yalivyokuwa yakiwaka moto. Sugu mnazomwona nazo hadi leo ndizo hizo. Na Nguchiro? Nguchiro hakukalia kitu siku ile. Watoto wanne walilala matumbo wazi, wameshiba, na mama yao anazunguka.

Funzo la ngano hii, watoto wangu, ni kwamba mtu atulie. Akae mahali pamoja, asihangaike huku na huku kama Nguchiro. Anayekaa vizuri ndiye anayekula. Nanyi leo mmekaa vizuri sana, nawapongeza.

Nimetua uongo!

— Tumeuona!

Nani ataukalia?

— Sisi!

Haya, ni wenu. Mimi nifute mdomo, nitoke kidogo, nina kiu. Sasa mnaweza kuinuka, mfunue kawa.