Daftari la Chui na Gogo la Nyuki

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na funguo kama sisi, walitunga sheria: habari za nyumbani kwa mtu ni zake, asiulizwe. Isipokuwa kwa usalama wa msitu.

Mkuu wa usalama alikuwa nani? Chui! Basi akapita nyumba hadi nyumba na daftari lake, akiuliza watoto wanalala wapi. Na ajabu, kila alipoandika, watoto walipungua.

Siku moja, ngo! ngo! ngo! mlangoni kwa Mama Nguchiro.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Wanao wanne wanalala wapi?"

"Lakini sheria si inakataza?"

"Isipokuwa kwa usalama!" Chui akanguruma. "Au wewe hutaki usalama?"

Watoto walikuwa uvunguni, hatua mbili tu kutoka kwenye makucha yale. Hata hivyo Mama Nguchiro akatabasamu.

"Nautaka sana, mkuu! Andika: ndani ya gogo la mkuyu, ng'ambo ya kijito. Ila ni siri, hata baba yao sijamwambia."

"Kwangu siri haitoki," Chui akasema, huku akimeza mate.

Hakungoja hata wino ukauke. Mbio hadi kwenye gogo, akachomeka kichwa chote. Vuuuu! Nyuki! Alitoka humo akipiga mayowe, mkuu wetu wa usalama!

Kesho yake alifika barazani kwa Mfalme Tembo, uso umevimba kama boga.

"Pole, mkuu," Mama Nguchiro akamwambia mbele ya wote. "Nyuki wa wapi hao?"

"Wa kwenye gogo la mkuyu," Chui akajibu kabla hajafikiri.

"Jamani, gogo hilo nilimtajia yeye peke yake, aliandike daftarini. Ulifuata nini, mkuu?"

"Nilikwenda kuwathalimia watoto tu!"

"Kuwasalimia? Mbona nyuki wamekuuma hadi ulimi? Ulikuwa unasalimia umeachama?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mama Paa, aliyekuwa na watoto watatu na sasa ana mmoja, hakucheka. Alikwenda akamnyang'anya Chui daftari, akalichana chwa! chwa! chwa! Tembo akamfukuza Chui kazi papo hapo.

Basi, wanangu, akija mtu kuuliza mnalala wapi, kwanza aseme anataka kujua kwa nini.