Vibao vya Mguu wa Wahbani

Imepokewa kutoka kwa wema waliotutangulia, nami naileta kama ilivyonifikia, kwamba katika mji wa Wasiti, zama zile watu wakiogopa kusifiwa kuliko sisi tunavyoogopa njaa, aliishi mwashi mmoja jina lake Wahbani. Tulia, msomaji. Najua umezoea visa ambavyo mcha Mungu anatembea juu ya maji na simba anampigia magoti. Humu hamna simba. Humu mna mguu uliovunjika na mwanamke aliyechoka, na ukiona hayo ni madogo, basi hujawahi kuuguza.

Wahbani alikuwa akipaka chokaa ukuta wa msikiti. Kamba ya jukwaa ikakatika, akaanguka, mfupa wa muundi, chini ya goti, ukavunjika. Mganga wa mifupa, mzee Abu Sinani, aliuweka sawa, akaubana kwa vibao na vitambaa, akamwambia Lubaba, mke wa Wahbani, kwamba visiguswe mpaka yeye mwenyewe arudi kuvifungua. Kwa ajili ya udhu, mgonjwa apitishe kiganja chenye maji juu ya vibao, basi. Hiyo ni ruhusa ambayo sheria yetu imempa mwenye jeraha, na hapakuwa na mtu Wasiti asiyeijua.

Wahbani naye aliijua. Ila bwana huyu alikuwa na lake. Alisema ruhusa wameachiwa wenye imani ya kubembelezwa.

"Mimi nimeanguka nikiitumikia nyumba ya Mungu," akamwambia mkewe, "halafu nielekee kibla na mguu ambao haukuoshwa? Fungua."

Lubaba akafungua. Akachemsha maji, kwa maana ulikuwa msimu wa baridi, akauosha ule mguu taratibu huku mgonjwa akiuma shuka, akaukausha, akarudisha vibao mahali pake, akakaza vitambaa fundo baada ya fundo. Alipomaliza, mkono bado una maji, kidogo tu adhana ya sala nyingine ikasikika. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, alfajiri mpaka isha. Kuni zilikuwa chache, kwa hiyo maji ya moto yalikuwa ya mgonjwa. Yeye Lubaba alitawadha kwa maji ya mtungini, baridi ya kuuma meno.

Habari za mcha Mungu huyu zikaenea, na watu wakaanza kuja kumjulia hali. Walikaa, wakamtazama anavyouma shuka, wakasema mashallah, huyu ndiye mja. Wahbani aliinamisha macho kwa unyenyekevu, lakini masikio aliyaacha wazi. Usimcheke. Hata wewe ukisifiwa ukiwa kitandani, mgonjwa hivyo hivyo, utajikuta umekaa vizuri. Hakuna aliyeuliza habari za aliyekuwa akipita na bakuli la maji.

Abu Sinani aliporudi, alibonyeza muundi, akabonyeza tena, uso ukamwingia giza. Mfupa haukuwa umeshika. Akashangaa kwa sauti: ameunga mifupa ya watu na ya ngamia, huu wa Wahbani una nini? Wahbani alitazama dari. Lubaba alikuwa amesimama mlangoni, na neno moja tu lake lingemaliza mambo, lakini hakutaka kumfedhehesha mume wake mbele ya mtu. Mzee akafunga upya, akasema wazi kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Usiposhika sasa, Wahbani atatembelea magongo mpaka kaburini, na mwashi wa magongo hapandi ukuta.

Alipoondoka, Lubaba alimwomba mumewe aichukue ruhusa. Aliomba mara moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua jibu. Wahbani akasema Mola ambaye mguu unaoshwa kwa ajili yake ndiye atakayeuunga. Ikafika adhana. Lubaba akafungua.

Na hapo ndipo uchovu ulipomkalia mwanamke yule kama mgeni asiyeaga. Alikuwa akikaa kuchagua dengu, akashtukia mkono umesimama juu ya ungo, hajui tangu lini. Alitia chumvi kwenye maji ya kunywa. Alilia siku moja kwa sababu mfuniko wa sufuria ulianguka, kisha akauokota akaendelea.

Mchana mmoja, baada ya adhuhuri kuadhiniwa, imamu wa msikiti ule, Sheikh Muhalabu, alikuja na jirani mmoja jina lake Hibani, bwana mnene mwenye machozi ya karibu. Lubaba alikuwa ameshamtawadhisha mumewe, naye akawa anasali nyuma ya pazia. Kutoka kitandani, Wahbani aliweza kumwona kwenye upenyo. Walizungumza habari za ukuta, na mvua, na bei ya chokaa, na kila Wahbani alipotupa jicho, mkewe alikuwa palepale, paji la uso chini kwenye mkeka.

Akashindwa kujizuia. Mtu wa sifa hatosheki na zake.

"Semeni taratibu kidogo," akawaambia. "Mke wangu yuko kwenye sijida tangu mlipoingia."

Wageni wakanyamaza kwa heshima. Ndani ya ule ukimya ikasikika pumzi nzito, ikivutwa na kukatika.

"Analia," alinong'ona Hibani, na machozi yake yakawa yameshafika. "Wallahi, anamlilia Mola wake. Nyumba hii, jamani, nyumba hii."

Basi wakaendelea kusikiliza kwa khofu. Pumzi ikavutwa tena, ikashuka, halafu ukatoka mkoromo, mkoromo kamili usio na shaka, ule wa mtu aliyebeba mawe kutwa. Hibani akabaki na leso usoni, hajui aifanyie nini.

Mkoromo huo huo ndio uliomwamsha mwenyewe. Pazia likatikisika. Sheikh Muhalabu, ambaye alikuwa mtu mwenye haya, akataka kumfunikia aibu yake, akasema kwa upole, "Bibi Lubaba, sijida yako ilikuwa ndefu. Ukisujudu tena, usitusahau kwenye dua."

Angalieni mlango ule ulivyokuwa wazi. Alichotakiwa ni kusema amina tu, na Wasiti yote ingemwita walii kabla ya magharibi.

"Nilikuwa nimelala, sheikh," alisema Lubaba kutoka nyuma ya pazia. "Sijui ilikuwa rakaa ya ngapi. Na jana pia nililala, mpaka wakati ukanipita."

Sheikh akamwambia wakati wa leo bado upo, ainuke atawadhe aanze upya. Kisha akamuuliza, si kwa kulaumu, ni kazi gani hiyo inayomchukua hivi.

"Kazi za nyumba," akajibu.

Mkono wake ukatokea chini ya pazia, ukauchukua mtungi wa maji baridi. Birika la maji ya moto lilikuwa karibu zaidi, limefunikwa, likingojea mguu wa alasiri. Wahbani akauona ule mkono. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa baridi na kwa mafundo ya vitambaa, na havikukunjuka vyote. Aliubeba mtungi kwa viganja, kama mtu anayebeba kitu kwa magoti.

Wageni walikuwa wameshashika viatu. Angenyamaza, wangeondoka.

"Kazi za nyumba ni mimi," alisema Wahbani. "Sheikh, kaa."

Akaeleza yote: vibao vinavyofunguliwa, maji, mafundo, mfupa ambao haukushika na yeye akajua kwa nini, akatazama dari. Akasema pia kwamba mashallah zao zilikuwa tamu.

Sheikh Muhalabu hakutoa hotuba. Alisema, "Mola wako alikupa wepesi. Umeurudisha, na mzigo hukuubeba wewe."

"Binti ami," Wahbani akamwita mkewe, "tawadhia hayo ya moto."

Lubaba alisema ni ya alasiri. Wahbani akasema alasiri kitamtosha kiganja kimoja cha maji juu ya vibao. Lubaba aliposali na kutoka, akaja kukaa miguuni pa mumewe kama kawaida, mkono kwenye fundo la kwanza, kwa kuwa mkono ukishazoea hauulizi. Mumewe akauondoa, akaushika.

"Nenda ukalale. Adhana ikilia nitakuamsha."

Alilala palepale chini, kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Na Wahbani, ambaye hakuweza hata kujigeuza, alikaa macho akitazama kivuli kikipanda ukutani, akiogopa kukohoa. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyomfanyia tangu aanguke.

Mfupa ulishika, lakini ulishika umepinda. Alirudi kwenye ukuta akichechemea, na watu waliposema mashallah, tazameni subira ya mtu huyu, alikuwa akiwaonyesha muundi wake. "Hapa palipopinda," akisema, "pamepindwa na neno hilo hilo."

Mola awarehemu wote wawili. Nawe utakapokwenda kumwona mgonjwa, mpe pole yake, ni haki yake. Kisha geuka mlangoni, umtafute mwenye bakuli, umuulize kama amelala.