Pimbi, Kiboko na Pikipiki Ndefu

Funga domo, Kibwana. Nimekuona unavyocheka kwa pua. "Bibi, pimbi na pikipiki wapi na wapi?" Pimbi na pikipiki pale pale, mume wangu. Mtu usiyemjua hata jina anakwambia ndani ya simu kwamba pikipiki yake haijawahi kuanguka, unaamini. Mimi niliyemfunga baba yako nepi, mimi ndiye mwongo? Weka simu chini. Hiyo picha ya pikipiki haitatoroka. Na nyinyi wengine sogeeni, muitikie kama watu waliokula.

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo sauti au kikohozi? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mlima.

— Tuupande!

Una kona.

— Tuzikate!

Na asiyejua kuzikata?

— Zimkate yeye!

Haya.

Hapo kale, si kale sana maana petroli ilikuwapo, palikuwa na mlima ukiitwa Kunjamgongo. Barabara yake ilijikunja kama utumbo wa mbuzi. Kona, kona, tena kona. Juu kabisa, katikati ya majabali, palikuwa na chemchemi, na hapo aliishi Pimbi na mkewe na watoto wao. Pimbi mnamjua. Ni kama sungura aliyenyang'anywa masikio. Mkia hana. Maneno anayo. Yeye na wadogo wenzake wote wa mlimani walikunywa maji hayo hayo.

Chini bondeni aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa na mto. Kiboko alikuwa na bwawa. Kiboko alikuwa na dimbwi la kulala mchana, na dimbwi jingine la kulala akichoka kulala katika lile la kwanza. Siku moja akainua pua, akatazama juu, akasema, "Na ile chemchemi naitaka."

"Ya nini, Bwana Kiboko?"

"Ya kuoshea miguu."

Wadogo wakapanda mbio kwa Shangazi Korongo, mlinzi wa chemchemi. Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, maana hakutaka kuchafua yote miwili. Akawasikiliza, akasema:

"Mila ni mila. Chemchemi huombwa asubuhi ya sikukuu ya mavuno. Waombaji wakiwa wawili, atakayetangulia kufika ndiye mwenye maji. Lakini asije kwa miguu, jasho silitaki hapa. Aje amepanda, amevaa kanzu nyeupe, amekaa wima kama bwana harusi. Na nikiona tone moja la tope kwenye kanzu, arudi alikotoka."

"Apande nini, Shangazi?"

"Zamani walipanda punda. Siku hizi punda wamegoma. Mtajua wenyewe."

Pimbi akaenda nyumbani, akamwambia mkewe amshonee kanzu kwa kitambaa cha kichwa. Kiboko akashonewa kwa mashuka, na bado kifungo cha tumboni kikafungwa kwa shida.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo hadithi ilipolala. Pimbi na Kiboko walikuwa watani. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wakapatana, na tangu siku hiyo ukoo wa majabali na ukoo wa maji wakawa watani. Mtani hukutukana mbele ya wakwe, nawe ukacheka. Mtani hukuibia kuku msibani, nawe ukamfuata na chumvi. Ukikasirika, umeaibisha ukoo mzima. Na neno la mtani haliaminiwi. Mtani akisema mvua inanyesha, wewe anika nguo.

Wakakutana uani kwa Fundi Nungunungu. Pikipiki zilikuwa tatu. Usiniulize Nungunungu alizipata wapi, Kibwana, hukumuuliza na yule wa kwenye simu.

Ya kwanza ilikuwa imekonda, miguu mirefu, kama mbuzi wa mwaka wa njaa. Kona ingekata, lakini madigadi ya kuzuia tope haina, na kiti chake ni ubao. Ukiipanda unainama kama mwizi wa mihogo.

Ya pili ilikuwa ndefu. Ndefu! Gurudumu la mbele liko huku, la nyuma liko kwa jirani. Usukani juu kama pembe za nyati, nikeli kila mahali, kiti kama kochi la mwenyekiti. Ukiitazama unajiona meno.

Ya tatu ilikaa katikati ya hizo mbili. Tangi la buluu la mviringo, kiti cha kuegemea, madigadi mapana, nikeli ya kutosha kumpendeza mtu bila kumpofusha.

"Mkubwa huchagua kwanza," akasema Kiboko.

"Nani kasema?" akauliza Pimbi.

"Mkubwa."

Kiboko akasimama mbele ya ile ndefu, akajitazama meno. Pimbi yeye akaingia chini ya pikipiki, maana kimo chake ndicho kilichomfikisha huko, akazitazama matumbo. Akaona vikanyagio vya ile ndefu vinaning'inia karibu na ardhi kama matiti ya mbuzi mwenye watoto. Ukiilaza kidogo tu, vinasugua. Akaona gurudumu lake la mbele limekwenda mbali, kama mtu anayesukuma mkokoteni. Hilo halikunji. Akatambaa hadi ile ya buluu. Vikanyagio viko juu. Gurudumu liko karibu. Moyo wake ukaruka, pii! Kanzu itabaki nyeupe, mgongo utabaki wima, na kona zitakatika. Ilikuwa hiyo hiyo, hapakuwa na nyingine.

Akatoka chini akimtazama Kiboko. Kiboko akiigusa ya buluu, basi watoto wa Pimbi watakunywa maji ya miguu.

Pimbi akafikiri. Nikiisifu ile ndefu, atasema mtani ananidanganya, ataiacha. Nikiiponda ile ya buluu, atasema mtani anaitaka, ataichukua. Akageuza maneno huku, akayageuza kule, akaona hana njia. Ilibidi aseme kweli. Iliwasha ulimi, maana hakuwa na mazoea.

"Mtani," akasema, "usichukue hiyo ndefu."

"Ehee!" Kiboko akacheka. "Kwa nini, we asiye mkia?"

"Kwa sababu itakuangusha kwenye kona."

"Itaniangusha!"

"Vikanyagio vimeshuka mno. Ukiilaza vitasugua chini. Chukua hii ya buluu, mtani wangu. Inapendeza na inakunja."

Kiboko akacheka mpaka kifungo cha tumboni kikaruka, ti! "Fundi, umemsikia huyu? Ameitamani ndefu mpaka mate yanamtoka. Anataka nimwachie!"

"Wallahi nakwambia kweli."

"Na machozi pia! Tazama, analia kabisa! Pimbi, we ni mtani haswa. Babu zako walitudanganya hivi hivi."

"Kiboko, naapa kwa kaburi la nyanya yangu..."

"Nyanya yako nilimwona jana sokoni! Fundi, washa ndefu."

Nungunungu akamtazama Pimbi, akamtazama Kiboko, akafuta mikono kwa tambara. Yeye hakuwa mtani wa mtu. Akawasha.

Asubuhi ya sikukuu wakajipanga chini ya mlima, kanzu nyeupe pe. Ile ndefu ikaguruma, dugudugudugu! Ile ya buluu ikaguna, tututu-tututu.

Mwanzo ni barabara ya kunyooka. Hapo, Kibwana, nisiseme uongo, ndefu ilikuwa bibi. Dugudugudugu! Kiboko akakaa kama sultani, kanzu ikapepea, akamwachia Pimbi vumbi. Akaimba:

"Njia, nipishe!
Anapita Kiboko!"

Pimbi alimwona akiwa mdogo, mdogo, mpaka akawa sawa na pimbi. Labda kweli nilimdanganya, akawaza. Labda barabara humpisha mkubwa.

Wakafika kona ya kwanza. Kiboko akaimba, "Njia, nipishe!" Njia haikumpisha. Akailaza ndefu kidogo, kwaruuu! Cheche zikaruka. Akashtuka, akainyoosha, akapita majanini.

Pimbi akafika nyuma yake, akaiambia pikipiki yake kwa upole:

"Lala, kipenzi, lala.
Inuka, kipenzi, inuka."

Ikalala, ikainuka. Tututu-tututu.

Kona ya pili. "Njia, nipishe!" Kwaruuu! Kikanyagio kimoja kikabaki barabarani. Kiboko akashika breki, akapita kwenye shamba la mahindi la watu. Nyuma yake, "Lala, kipenzi, lala. Inuka, kipenzi, inuka." Sasa Pimbi aliweza kuhesabu mikunjo ya shingo ya Kiboko.

Ikabaki ya mwisho, Kona ya Mama Mkwe. Inaitwa hivyo kwa kuwa ukidhani imekwisha kukunja, ndiyo kwanza inaanza. Na pembeni yake, chini, liko dimbwi la nyati.

"Mtani!" Pimbi akapiga kelele. "Punguza mwendo! Hii ndiyo itakayokuangusha!"

"Unaona?" Kiboko akajiambia. "Anataka nipunguze anipite!" Akaongeza.

Dugudugudugu-kwaruuu-uuu-u... Kona ikakunja huku. Kiboko akaenda kule.

Tubwi!

Pimbi akapita. Lala, kipenzi. Inuka, kipenzi. Akafika juu mgongo wima, kanzu nyeupe kama maziwa. Shangazi Korongo akamzunguka, akamkagua mpaka kwenye pindo, akasema, "Maji ni yako." Watoto wa Pimbi wakatumbukiza vichwa chemchemini wote kwa pamoja, hakuna aliyesubiri baraka.

Baadaye Kiboko akaja kwa miguu, akidondosha tope, chururu, chururu.

"Rudia palepale," akasema Korongo.

"Shangazi, nashtaki! Pimbi amenidanganya!"

"Alikwambia nini?"

"Aliniambia ile ndefu itaniangusha kwenye kona."

"Nayo ikafanya nini?"

"Ikaniangusha kwenye kona."

"Basi alikudanganya wapi?"

Kiboko akafungua mdomo, na mdomo wa kiboko ukifunguka unakaa wazi kwa muda.

Pimbi akashuka mpaka dimbwini, akang'oa kioo cha pembeni cha ile ndefu, akarudi nacho akijitazama. "Mtani, hiki nimekichukua. Haki ya mtani."

Watu wote wakamtazama Kiboko. Akikasirika, ameaibisha ukoo.

"He," akasema Kiboko, machozi yakimtoka. "He, he, he."

Na funzo? Mnalitaka funzo? Funzo ni kwamba kusema kweli ni tabia mbaya, huwatumbukiza watu matopeni. Na kwamba mkubwa anajua zaidi, ndiyo maana akawa mkubwa. Na wewe Kibwana, mume wangu, kainunue hiyo ndefu. Inang'aa. Zile kona za kwenda kwa baba mkwe wako kule Mgeta zikikuona zitajinyoosha zenyewe.

Mlima umeisha, kona zimeisha. Aliyebaki na kiu akachote.

Unasemaje? Bibi na mjukuu si watani? Ndiyo, ni watani. Sasa unataka kujua nimekutania au nimekwambia kweli?

Nipishe nipite. Kanga yangu hiyo, ilete. Kamuulize Kiboko.

Mlango, ndi!