Kampuni Isiyotajwa

Mji wetu ulikuwa na wauza maji watatu tu wenye malori. Lori la Mzee Kitwana lilipobomoa jiko la Bi Somoe na kumvunja mguu, Kitwana hakwenda hospitali. Alikwenda redioni, kwa Mwanamvua, msomaji wa habari.

"Binti, ukitaja kampuni yangu naondoa matangazo yangu yote. Mtakula mawimbi!"

"Shikamoo, mzee. Sitaitaja."

"Apa!"

"Wallahi."

Mchana Mwanamvua alisoma: "Lori la maji limemvunja mguu Bi Somoe. Tumeombwa tusitaje kampuni. Sasa ni kipindi cha salamu, pigeni simu."

Simu ya kwanza iliita hapo hapo. "Mimi Shebe muuza maji. Nampa pole Bi Somoe. Lori si langu, msinitukane!"

Ya pili ikafuata. "Mimi Mapande. Langu pia silo!"

Ya tatu haikupigwa.

Wiki nzima hakuna aliyenunua hata ndoo moja kwa Kitwana. Akalipa hospitali, akajenga jiko la matofali, kisha akarudi redioni akihema.

"Nimemtibu, nimemjengea. Haya, nitaje sasa, watu wajue!"

"Siwezi, mzee," alisema Mwanamvua. "Uliniapisha mwenyewe."