Taa wa Bwana Nyange na Wageni Wake

Hapo zamani, wala msinikunjie uso mkadhani ni zamani za majini na mapango, ni zamani za juzi tu, umeme ulikuwapo na kukatika ulikuwa ukikatika, palikuwa na mtu katika mji wa Kitopeni aliyefuga samaki asiyeliwa. Mtu huyo aliitwa Bwana Nyange. Samaki mwenyewe alikuwa taa, yule bapa, wa mviringo, mwenye mwiba wa sumu mkiani. Sasa Kitopeni ni mji wa pwani, na watu wa pwani walimjua taa wa aina mbili: taa mkavu wa kuning'inizwa jikoni, na taa wa kutiwa nazi. Taa wa kukaa naye sebuleni walimwona kwa Nyange tu.

Na huyu hakuwa taa wa baharini. Alikuwa taa wa mito ya nchi za mbali, wa maji yasiyo na chumvi, mweusi mwenye madoa meupe. Nyange alimwagiza ng'ambo, akamnunulia tangi la kioo lililokula nusu ya sebule, akamtandikia mchanga laini, akamwita Sultani. Mkewe Nyange, Mashavu, alikuwa akilalia godoro lililobonyea katikati tangu mwaka wa harusi. Lakini mchanga wa Sultani ulikuwa laini, alhamdulillahi.

Watu walikuja kutazama. Walishika videvu, wakasema mashallah, kisha wakauliza:

"Atapikwa lini?"

Nyange aliwatazama kwa huruma, kama mtu aliyesoma anavyotazama wasiosoma, ingawa yeye mwenyewe shule aliiacha kwa hiari yake.

Kazi ya kumlisha Sultani ilikuwa ya Mashavu, maana mwenye fahari ni mmoja na mwenye kazi ni mwingine. Alimenya kamba wabichi, akakata samaki vipande vyembamba, akachimbua minyoo nyuma ya karo. Siku za kamba, Sultani alikula kamba na Mashavu akala harufu. Alitupia chakula majini, kikazama taratibu mpaka mchangani, na Sultani akakifunika kwa mwili wake mzima, kwa sababu mdomo wa taa uko upande wa tumbo. Akishakula, alipanda kwenye kioo na kumwonyesha Mashavu tumbo lake jeupe na ule mdomo unaofanana na kicheko. Mashavu alimpenda. Nisiwafiche, alimpenda kwelikweli, kwani humo nyumbani hapakuwa na mwingine aliyefurahi akimwona anaingia.

Muuzaji alikuwa amemwambia Nyange maneno machache ya maana. "Taa hula chini. Usimwekee mwenzake anayekula chini, atamnyang'anya. Usimwekee mdogo wa kumezeka, atammeza. Usimwekee mwenye kufyonza, atamfyonza yeye." Nyange alisikia kwa masikio yote mawili. Halafu akayafungia maneno hayo kifuani kama siri ya serikali, asimwambie mke wala ndugu, maana mtu akigawa ujuzi wake atabaki na nini cha kujivunia?

Basi, siku zikaenda. Akaja mama yake Mashavu, Bi Mwanamtama. Alikuja kwa siku mbili. Wahenga wanasema siku ya tatu mgeni apewe jembe, lakini wahenga hawakuwahi kuishi na Bi Mwanamtama. Hakuna aliyethubutu hata kulitaja jembe mbele yake. Akakaa.

Akamtazama Sultani, akasikitika.

"Kiumbe cha Mungu peke yake namna hii? Amefungwa? Hata mgonjwa huwekewa mtu wa kuzungumza naye."

Alipotoka sokoni alirudi na ndoo, na ndani ya ndoo kambare mzima, mweusi, mwenye sharubu, kichwa chake kipana kama sahani ya chai.

"Nyange mwanangu," alisema, "nimekuletea mwenzake."

Sasa huko Kitopeni, mtu na mama mkwe wake ni mambo mengine. Haangaliwi usoni. Mbele yake hutafuni kwa sauti. Na kilicholetwa na mkono wake hakirudishwi, hata akikuletea nyoka, utauliza tu nyoka analala upande gani. Nyange alimtazama kambare. Kambare akamtazama Nyange. Maneno ya muuzaji yakapanda kutoka kifuani, yakafika kooni, yakakutana na heshima ya mkwe, yakarudi yalikotoka.

"Ahsante, mama," alisema. "Umefanya jambo."

Kambare akaingia tangini. Akashuka moja kwa moja mpaka chini, akajilaza pale pale pa Sultani.

Pia alikuwapo Badi, mdogo wake Nyange, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, aliyekaa humo bure kwa kazi moja tu: kusugua kioo cha tangi. Kazi hiyo ilimchosha hata kabla hajaianza. Alipoona kambare amepokewa kwa heshima, akaenda naye akaleta samaki mmoja mwenye mdomo wa kufyonza, anayejibandika kwenye kioo na kula ukungu. Wauzaji humwita mlamba kioo.

"Kaka, sasa kioo kitajisafisha chenyewe," Badi alisema. "Nimekupunguzia mzigo."

Mzigo wa nani, hakusema. Bi Mwanamtama alikuwa amekaa hapo hapo. Nyange angempokeaje kambare wa mkwe, kisha amkatae samaki wa damu yake mwenyewe? Ingeonekana anabagua.

"Ahsante," alisema. "Umefanya jambo."

Jioni Mashavu akaja na bakuli la kamba. Alilelewa na mama yake, na mama yake alimfundisha adabu kwa maneno na kwa mwiko: mgeni kwanza. Mwenyeji hula baada ya mgeni kunawa. Akasimama mbele ya tangi, na nyuma yake sauti ikasema:

"Mgeni kwanza, Mashavu."

Akatupia upande wa kambare. Kambare akala. Akatupia upande wa Sultani. Kambare, kwa kuwa ni mgeni asiyejua kunawa, akala na huo. Sultani alipofika alikuta mchanga. Kesho yake vivyo hivyo: mgeni kwanza, na mgeni pili, na mgeni tatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu mwenyeji hakupona.

Naye mlamba kioo akalamba kioo siku ya kwanza, akakiona hakina ladha. Akamwendea Sultani, akajibandika mgongoni. Mgongo wa taa una ute, na ute kumbe ni mtamu. Akafanya makazi.

Mashavu akaanza kuona. Kwanza akaona baka jeupe mgongoni. Kisha akaona mifupa miwili imechomoza karibu na mkia, pale ambapo taa aliyeshiba ana nyama. Moyo ukamuuma. Akamwendea Badi.

"Shemeji, mtoe yule mlamba kioo. Anamla mwenzake."

"Nikimtoa, nani atasugua?" Badi aliuliza, na kwa kweli alitaka kujua.

Akamwendea mumewe. "Baba, Sultani amekonda. Kambare hampi nafasi."

"Sema polepole!" Nyange aligeuka kutazama mlango. "Mama atasikia. Unataka aseme zawadi yake imesimangwa?"

Basi akafanya akili yake mwenyewe. Alichukua kijiti cha mshikaki, akachomeka kamba mmoja mnono, akakiteremsha taratibu kando ya kioo mpaka mbele ya Sultani. Sultani akajivuta. Akamfunika yule kamba. Mashavu akahisi kijiti kikitikisika mkononi, akacheka peke yake kama mama anayemlisha mtoto aliyetoka homani.

"Unafanya nini?"

Bi Mwanamtama alikuwa amesimama mlangoni.

"Namlisha, mama."

"Unamlisha kwa kificho? Unamficha mgeni wangu chakula? Mimi nimekulea hivyo, Mashavu? Kesho utanificha na mimi sufuria?"

Mashavu angeweza kusema. Angeweza kusema, mama, mgeni wako ni mwizi. Lakini jaribuni ninyi mlioketi hapa kumwambia mama yenu hivyo, halafu mje mnisimulie. Aliona haya, akaogopa, akakitoa kijiti majini. Akamwambia mama yake, "Nisamehe." Na siku hiyo na siku zilizofuata akalisha kwa adabu, mgeni kwanza, huku akitazama pembeni ili asione.

Siku ya Ijumaa, wanaume walipotoka msikitini, Sultani alikuwa juu ya mchanga na kingo za mwili wake zimejikunja juu, kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Taa akijikunja hivyo, habari imekwisha. Alasiri akafa.

Nyange alilia. Alilia kilio ambacho hakukilia kwenye maziko ya shangazi yake aliyemlea. Majirani wakajaa barazani, na Bi Mwanamtama, ambaye ni mtu wa kuona mbali, akauliza kama nazi ipo.

Hapo ndipo Nyange aliposimama mbele ya baraza nzima, akainua kidole.

"Wallahi! Aliyemuua Sultani hatalala nyumba hii leo. Jua likizama, awe nje na kapu lake!"

Mwalimu wa madrasa, mtu mpole, akamvuta kanzu. "Bwana Nyange, kiapo cha hasira kina kafara. Lisha maskini kumi, mambo yaishe."

"Nilishe watu kumi? Chakula chote hicho kwa ajili ya ulimi wangu mmoja? Neno la mwanamume ni neno."

Basi. Kapu likaletwa, likawekwa mlangoni. Kesi ikaanza.

Bi Mwanamtama akasema: "Mimi nimeleta mwenza, sikuleta muuaji. Kambare hakumng'ata, hakumchoma. Kala alichopewa, kama mgeni yeyote mwenye afya. Na kama zawadi yangu ilikuwa na ubaya, mbona nilijibiwa ahsante, umefanya jambo? Kinywa kilichosema ahsante hakiwezi leo kusema toka."

Badi akasema: "Mimi nilileta fundi wa kusafisha, na kioo kimesafika, tazameni wenyewe. Samaki wangu kalamba mgongo, sikatai. Lakini kulambwa si kufa. Mngekufa wote mnaolambwa na watoto wenu. Sultani kafa njaa, na njaa ina mwenye bakuli. Mwenye bakuli si mimi."

Watu wote wakamgeukia Mashavu. Alijua akitolewa atakwenda wapi: kwenye nyumba ya mama yake iliyofungwa, na mama yake atabaki huku akila kamba.

Akasema: "Bakuli nilikuwa nalo mimi. Niliona anakonda, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu nakulilia kuliko mnavyolia ninyi. Lakini nilisema kwanza. Nilimwambia shemeji, akaniuliza nani atasugua. Nilimwambia mume wangu, akaniambia sema polepole. Nilimlisha kwa kijiti, mama akaniambia ni kificho. Mgeni kwanza sikuitunga mimi. Nilifundishwa, na nilipokuwa mtoto nikiisahau nilipigwa. Na lile neno la muuzaji, kwamba taa hawekewi anayekula chini wala anayefyonza, nimelisikia leo, mume wangu analitaja katika kilio."

Watu wakamgeukia Nyange.

"Mimi?" Nyange alishangaa. "Mimi ndiye niliyefiwa! Mfiwa hashitakiwi. Nilijua, ndiyo. Lakini kujua ni kosa? Mlitaka nimtukane mama mkwe mbele ya ndoo yake? Nani kati yenu angemtukana?"

Wanaume wa barazani wakatazama viatu vyao.

"Haya," akasema Nyange, kwa kuwa alikuwa hodari sana wa kugawa kazi. "Mashavu, wewe ndiye unayejua nguo za kila mtu zilipo. Ingia ndani. Tia kapuni nguo za mwenye kosa. Utakazotia, sitazitoa. Nimeapa."

Mashavu akaingia, akafungua kabati. Akashika kanga za mama yake, zilizonukia udi, akakumbuka kubebwa mgongoni ndani yake. Akaziacha. Akitia hizo, dunia itamwita mtoto aliyemfukuza mzazi kwa ajili ya samaki. Akashika shati la Badi. Akaliacha. Akitia hilo, atakuwa mwanamke aliyetenganisha ndugu. Akashika magauni yake mwenyewe, mepesi, machache, wala hayangejaza kapu. Akayaacha, akayashika tena. Halafu akaishika kanzu nyeupe ya mumewe, ile ya Idi, akaikunja vizuri kwa mazoea, na baada ya kuikunja akabaki nayo mikononi.

Mwishowe akazikusanya zote, kanga, shati, magauni na kanzu, akatoka amezikumbatia. Jua limegusa paa la msikiti. Kapu liko mlangoni, tupu. Na ndani ya tangi, kambare, ambaye amenenepa vizuri, amepanda juu ya maji na kufungua kinywa. Ni saa yake ya chakula, na mgeni hula kwanza.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu nyumba za watu. Mikono ya Mashavu inachoka, na jua halimsubiri. Je, kapu hili linamstahili nani: aliyeleta mwizi kwa mapenzi, aliyeleta mfyonzaji kwa uvivu, aliyeona akanyamaza kwa adabu, au aliyejua tangu mwanzo akasema ahsante?